Shevalie wa Kapata na Mashine ya Mama Ndaya

Kila Jumapili, kati ya saa nane na saa kumi na mbili jioni, hapakuwa na mtu mwaminifu katika Kapata nzima, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, kumshinda Stany Kalombo. Hakusema uongo, hakumgeuzia adui mgongo, hakumwacha mwenzake porini, na kama ilibidi afe kwa ajili ya neno alilolitoa, basi alikufa, tena mara mbili katika mwezi mmoja wa Agosti. Ikipita saa kumi na mbili alirudi kuwa kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye chuo chake kimefungwa, anayelala sebuleni kwa baba yake, na anayejificha chooni zamu yake ya kuchota maji inapofika.

Mwenyewe akisimulia leo huanzia hapo hapo chooni, ili msikilizaji asije akamdhania makubwa.

Mchezo wenyewe ulikuja kwa njia ya kawaida ya vitu vya miaka ile. Baada ya uporaji wa mwaka tisini na moja Wazungu wa kampuni ya mgodi waliondoka mbio mbio, na baba wa kijana aitwaye Mulumba, karani wa stoo, akaachiwa na bosi wake sanduku la vitu ambavyo havikuingia kwenye ndege. Ndani mlikuwa na soksi, kikaango kisicho na mkono, na boksi lenye kitabu cha Kifaransa pamoja na dadu za ajabu, nyingine za pande nane, nyingine za pande ishirini. Soksi na kikaango vilipata wenyewe mara moja. Boksi hakuna aliyelitaka ila Mulumba, aliyekuwa rafiki wa Stany tangu shule ya msingi, na ambaye alikisoma kile kitabu mara tatu mpaka akaelewa kwamba ulikuwa mchezo wa kukaa kwenye kiti na kuwa mtu mwingine.

Ulichezwa hivi. Mmoja, waliyemwita maître, alisimulia nchi ya mbali yenye misitu, majitu na ngome. Wengine walijichagulia watu wa kuwa ndani ya nchi hiyo, wakasema watu wao wanafanya nini, na dadu zikaamua kama wamefaulu. Mulumba akawa maître. Banza, fundi wa baiskeli wa mtaa wa pili, akawa mbilikimo mwenye shoka. Stany alipindua kurasa hadi alipofika kwenye picha ya mtu aliyevaa chuma kutoka utosini hadi vidoleni, akasema huyu ndiye mimi.

Huyo aliitwa chevalier, wao wakamwita shevalie: askari wa farasi aliyekula kiapo. Farasi hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona kwa macho, lakini kiapo Stany alikipenda sana. Kitabu kilikuwa na vifungu saba vya heshima. Aliviona vichache, akaongeza vitano vya kwake, akaviandika vyote kumi na viwili kwa wino mwekundu kwenye daftari, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumua. Mbilikimo akitaka kulipekua jitu lililokufa, Stany alisimama na kuhubiri nusu saa nzima juu ya heshima ya maiti. Siku moja jitu lilimuuliza shevalie kama kuna mtu amejificha nyuma yake. Kwa kuwa kifungu cha pili kilikataza uongo, shevalie akajibu kwamba ndiyo, kuna wawili, na mmoja anachechemea. Aliyekuwa anachechemea ni mbilikimo wa Banza, na hakumaliza Jumapili ile akiwa hai. Banza alinuna wiki nzima, na baiskeli ya Tata Kalombo, baba yake Stany, ikakaa wiki nzima bila mnyororo.

Kisha mambo yakaharibika, na safari hii si mchezoni. Wanasiasa walianza kusema kwenye redio na mikutanoni kwamba watu wa Kasai, mkoa wa jirani, warudi kwao. Mulumba alizaliwa Kolwezi, wiki moja na Stany, hospitali moja. Babu yake ndiye aliyekuja na treni kufanya kazi mgodini, na hiyo Kasai Mulumba aliijua kwa ramani tu. Haikusaidia kitu. Mwezi wa Machi, mwaka tisini na tatu, vijana wenye vitambaa vichwani walifika kwenye safu yao ya nyumba, wakagonga kwa marungu mlango wa kina Mulumba, wakawapa muda wa kupika bukari, yaani ugali, si zaidi. Wabebe magodoro, sufuria na nguo. Vitu vya maana vibaki.

Stany alikuwa wapi? Alikuwa nyuma ya pazia la dirisha la mbele, akiwa ameshika daftari, sijui la nini. Alitoka vijana walipohamia safu ya pili. Mulumba alikuwa barabarani na godoro kichwani, mama yake nyuma yake na sufuria mbili, baba yake amebeba mtoto mdogo. Mulumba alisimama.

"Stany, utuchungie nyumba," alisema. "Hii mambo itapita."

Stany akaweka mkono wa kulia kifuani. "Kwa kiapo ya chevalier," akasema, "hakuna muntu atagusa hata kijiko."

Alimwambia hivyo mtu mwenye godoro kichwani. Leo akikumbuka hutamani ardhi ipasuke immeze, yeye na mkono wake wa kulia.

Nyumba ilichungwa, hilo hakuna wa kulikana. Ilichungwa vizuri mno. Kwa Tata Kalombo walikuwa watu tisa katika vyumba viwili, na kwa kina Mulumba vilikuwa vitatu, na bomba la maji uani. Stany ndiye aliyemweleza baba yake kwamba nyumba tupu itavamiwa, na kwamba njia ya kuichunga ni kukaa ndani. Tata Kalombo alimsikiliza mwanawe kwa makini kwa mara ya kwanza tangu chuo kifungwe, na kesho yake wakahama wote tisa. Siku ya kwanza Stany alilala kwenye mkeka ukumbini, kwa heshima ya vitanda vya wenyewe. Siku ya nne mgongo ulimuuma, akalala kwenye kitanda cha Mulumba, kwa ulinzi.

Kina Mulumba, wakati huo, hawakuwa wameenda mbali. Maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika kwenye stesheni ya Kolwezi wakisubiri treni, na treni haikuja. Walijenga vibanda vya maturubai na magunia kandokando ya reli. Wakapikia hapo, wakaugulia hapo, na kuzikana wakazikana karibu na hapo. Kutoka Kapata ulikuwa mwendo mrefu kwa miguu, na katikati kulikuwa na kizuizi cha gogo na mapipa. Aliyekisimamia, na kitambaa chake kichwani, alikuwa Banza.

Stany alikwenda Jumapili ya kwanza na ya pili, mikono mitupu, ila dadu mfukoni. Usicheke; au cheka, yeye mwenyewe hucheka. Kwenye kibanda cha magunia, kando ya mama anayepepea moto wa mabua, walicheza. Watu waliochoka kusubiri walikaa kuwazunguka kusikiliza, na Stany akagundua kwamba kiapo kinanoga zaidi kikiwa na wasikilizaji.

Jumapili ya tatu Mulumba alisimulia habari mpya. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Kuko bwana moja ya château, nyumba kubwa ya mawe," alianza. "Banamufukuza. Anaachia rafiki yake chevalier nyumba. Kiisha mama ya ule bwana anatuma neno: muniletee mashini yangu ya kushona, kule tunaenda hatuna kitu. Lakini mu château sasa mulishaingia bantu bengine, na ile mashini beye banaipenda. Chevalier anafanya nini?"

Stany hakuhitaji hata dadu. Alisimama. Alisema kwamba shevalie angeibeba mashine mabegani mwake mchana kweupe, apite mbele ya walinzi wote, na atakayemzuia atazuia upanga wake kwanza. Alisema mengi, kulikuwa na hata neno "dhamira" humo. Mzee mmoja mwenye kofia ya kampuni alipiga makofi, na wengine wakamfuata.

Mulumba alingoja makofi yaishe.

"Bon," alisema polepole. "Mashini ya mama iko mu chumba ya nyuma, chini ya meza. Batu banasema treni itakuya kweli."

Stany alibaki amesimama, mkono bado uko hewani ulipokuwa umeshika upanga. Mama Ndaya, mama yake Mulumba, aliacha kupepea moto. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na ile mashine ya kuzungusha kwa mkono ndiyo iliyowasomesha watoto wake wote. Alimtazama Stany bila kumwomba chochote, na hilo lilikuwa baya kuliko kuomba.

"Nitaileta," Stany alisema. "Kwa kiapo."

Watu wakapiga makofi tena.

Sasa, mashine hiyo chini ya meza haikuwepo. Ilikuwa juu ya meza, na nyuma yake alikuwa amekaa Fidélie, dada mdogo wa Stany. Fidélie alikuwa na miaka kumi na tisa, na mchezo wa Jumapili aliuita kazi ya watu wanaosubiri kupikiwa. Kampuni ilikuwa hailipi tena mishahara, nusu ya mitambo imesimama, na yeye ndani ya wiki tatu alikuwa amejifundisha kushona mashati na kurekebisha suruali. Wateja walikuwa wameanza kuja. Usiku na mchana alikuwa na uzi mdomoni.

Stany alikwenda kwa baba yake kama mtu mzima, akamweleza. Tata Kalombo alikuwa uani akinyoa ndevu kwa kioo kilichopasuka.

"Ile mashini ni ya nani?" aliuliza.

"Ya Mama Ndaya, tata."

"Na shiye, tuko tunafanya nini mu hii nyumba?"

"Tunachunga, tata."

"Ni weye njo uliniambia vile. Muchungaji anaondoshaka bintu mu nyumba ya benyewe?" Akasuuza wembe. "Kama banarudia, batakuta mashini yabo pa fasi yake. Enda."

Stany alitoka pale akiwa ameshindwa kwa hoja zake mwenyewe, na ajabu ni kwamba alisikia nafuu. Alifungua daftari. Kifungu cha tano: shevalie humtii bwana wake; na baba si bwana? Kifungu cha tisa: shevalie haibi, hata kwa ajili ya rafiki, na kutoa kitu nyumbani bila ruhusa ya baba kunaitwaje? Kifungu cha kwanza kilisema neno la shevalie halirudi nyuma, lakini hakikusema litimizwe lini. Alikaa na hayo siku mbili, akafikia kuandika kifungu cha kumi na tatu, kuhusu viapo vinavyogongana, kurasa nne pande zote mbili. Hajaandika kitu kizuri kama kile tena maishani. Na muda wote huo mashine ilikuwa hatua sita kutoka alipokaa, inalia tiki-tiki-tiki, na haikuwa na uzito wa kumshinda mtu mwenye mikono miwili.

Ukweli alioukimbia ulikuwa mfupi: alimwogopa baba yake, na alimwogopa Banza pale kwenye gogo. Marungu aliyaona mwenyewe kupitia pazia.

Jumapili ya nne alikwenda stesheni na fungu la sombe, majani ya muhogo. "Niko natafuta mupango," alimwambia Mulumba. Jumapili ya tano alimpelekea neno kwamba ana homa. Fidélie alikuwa akishona alipomsikia akilituma neno hilo. Aliondoa uzi mdomoni, akamtazama, akaurudisha.

"Uliapa nini kule?" alimuuliza.

Stany alimweleza yote, na kifungu cha kumi na tatu akamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akizungusha gurudumu.

"Unasoma muzuri," alisema Fidélie.

Jumatano ikavuma habari kwamba treni imefika, mabehewa ya mizigo, na itaondoka kesho yake mchana. Alhamisi alfajiri Stany alitoka nyumbani mikono mitupu, bila kuchungulia chumba cha nyuma, ambamo tangu jana jioni hamkusikika tiki-tiki. Alikuwa ameamua kuwa jasiri kwa namna aliyoiweza: atakwenda kumwambia Mulumba ukweli uso kwa uso. Njia nzima alikuwa akiitunga hotuba. Ilikuwa na utangulizi. Pale kwenye gogo Banza alimpungia mkono apite, bila hata kumuuliza kitu, na Stany akaona haya kwa jinsi alivyopita kirahisi.

Stesheni ilikuwa vumbi na kelele. Watu walikuwa wamejaa ndani ya mabehewa na juu ya mabehewa, na magodoro, na masufuria, na wagonjwa waliofungwa kwa kanga wasidondoke. Alimtafuta Mulumba mpaka sauti ikakauka. Alipowapata, Mama Ndaya alikuwa ameketi mlangoni mwa behewa, na alichokikalia kilikuwa kisanduku cha mbao chenye mkono wa kubebea.

Kilikuwa ni kisanduku cha mashine.

Mulumba aliruka chini, akamkumbatia Stany mpaka mbavu zikamlia. "Mi nilijua," alisema. "Batu hapa banasema hautaileta. Mi nikabaambia, muzee huyu namujua. Jana mangaribi Fidélie anafika nayo ku kichwa. Anasema ni weye ulimutuma, ju weye pa barrière, pale pa gogo, banakujua ni rafiki yetu, bangekunyanganya. Yeye akabaambia ni mushonaji, anaenda kushonea bibi ya chef, mukubwa yabo, kule mujini. Banza mwenyewe akamutwika."

Hapo ndipo hotuba ilipotakiwa. Kifungu cha pili kilikuwa wazi kama maji ya bomba. Stany alifungua mdomo, na kwa wakati huo mzee mwenye kofia ya kampuni alikuwa akimnyooshea kidole kutoka juu ya behewa na kuwaambia watu, ule njo chevalier.

"Njo vile," Stany akasema.

Maneno mawili ya kukubali, hayakumchukua hata pumzi. Mama Ndaya akashuka, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamwombea kwa Kiluba chao cha Kasai, apate mke, apate kazi, apate watoto wasiomwacha uzeeni. Stany aliinamisha kichwa na kupokea yote. Hakupunguza hata mtoto mmoja. Treni ilipovuta, Mulumba alisimama mlangoni, na kwa utani wao wa miaka yote akaweka mkono wa kulia kifuani. Lakini machozi yalikuwa yakimtoka na hayakuwa ya utani. Stany naye akaweka mkono wake. Aliuona mzito kuliko mashine ambayo hakuibeba.

Alirudi Kapata kwa miguu bila kusalimia mtu. Fidélie alikuwa uani akichambua matembele. Mezani ndani, pale ilipokuwa mashine, kulikuwa na shati la mteja lenye mkono mmoja.

"Ju ya nini ulibaambia ni mi?" Stany alimuuliza.

Fidélie hakuinua kichwa. "Mulumba anaenda mbali sana. Nilitaka aende na rafiki."

Stany alikaa chini pale pale kwenye saruji. Ndipo alipoona, kwa kuchelewa kama kawaida yake, kwamba katika habari hii yote mtu mmoja tu ndiye aliyetoa kitu chake. Alikuwa na kazi, ya kwanza maishani, akaitwika kichwani na kuipeleka kwa wenyewe. Kiapo hakuwa nacho, wala daftari.

Tata Kalombo, ambaye hakulala nyumbani usiku ule kwa zamu ya kazi, aliingia saa kumi, akapita ndani, akatoka.

"Mashini iko wapi?"

Fidélie aliweka matembele chini. Stany aliinuka haraka kabla mdogo wake hajafungua mdomo. Alikuwa ameila sifa ya kazi hii. Basi na fimbo yake aile, na hapo labda ule uongo wa stesheni ungepata kuwa nusu ya kweli.

"Ni mi, tata. Ni mi njo nilipeleka ku stesheni. Unipige mi."

Tata Kalombo alimtazama mwanawe kutoka juu hadi chini. Hasira yote aliyotoka nayo ndani ililegea, na badala yake akaangua kicheko, kicheko cha kweli, cha mtu aliyechekeshwa asipotegemea.

"Weye," alisema, akijipangusa macho. "Weye upite na mashini mbele ya bale batoto ya marungu?" Akacheka tena, kisha akamgeukia binti yake, na uso ukarudi ulivyokuwa. "Fidélie. Ni nani?"

"Ni mi, tata."

"Nilijua. Na kesho utashona na nini?"

"Na sindano."

"Tata, ni mi," Stany alisema, kwa sauti kubwa zaidi. "Naapa."

"Nyamaza, Stany," walisema wote wawili, bila kumtazama, wakaendelea kugombana.